Kupasha joto kitalu nyumba kidogo cha nyanda za juu: umeme, gesi, kuni, maji au samadi?

Kipupwe cha Dar es Salaam hakimtishi mtu. Julai usiku unashuka hadi nyuzi 19 hivi, abiria wa bodaboda wanavaa sweta, basi. Wenye kazi ni wale waliojenga kitalu nyumba Njombe, Makete au Mufindi huku wao wenyewe wakiishi Tabata na Kimara. Usiku huohuo kipimajoto cha kule kinasoma 5, na asubuhi picha zinaanza kuingia kwenye simu: nyanya imedumaa, majani upande wa chini yamekuwa ya zambarau, maua yanadondoka bila kushika tunda. Zambarau hiyo mara nyingi si ugonjwa. Mizizi iliyo kwenye udongo wa baridi inashindwa kufyonza fosforasi hata kama udongo unayo tele. Ukienda nayo duka la pembejeo Kariakoo utauziwa busta, ile mbolea ya kunyunyizia majani, utaipakia kwenye basi la Mbezi, na wiki ijayo utapokea picha ileile.

Kinachotakiwa ni joto, na joto lina njia nyingi za kununuliwa. Ili zilinganishwe kwa haki, hesabu zote hapa ni za kitalu kimoja: mita 6 kwa 10, kuta za mita 2, paa la upinde lenye mita 3.2 katikati, nailoni tabaka moja ya mikroni 200. Chako kikiwa kikubwa au kidogo zaidi, zidisha au gawanya kufuata eneo la nailoni, usitumie eneo la sakafu. Kitalu chetu kina sakafu ya mita za mraba 60, lakini nailoni inayopoteza joto ni mita za mraba 140 hivi.

Joto kiasi gani?

Nyanya haifi kwa nyuzi 8, ila haifanyi kazi. Chini ya 10 inaumia taratibu, na usiku ukiwa chini ya 13 mfululizo, chavua inakuwa dhaifu na matunda hayashiki vizuri. Hoho na tango wanataka zaidi, 15 kwenda juu. Saladi na stroberi wanavumilia baridi ambayo nyanya ingeanguka, na kwa watu wengi jibu la bei rahisi kuliko yote liko hapohapo: Juni hadi Agosti panda saladi, acha nyanya zisubiri. Nani alisema kitalu nyumba lazima kiwe na nyanya miezi yote 12?

Tuseme umeshikilia nyanya. Nje nyuzi 5, ndani unataka 12. Tofauti ni nyuzi 7. Kila mita ya mraba ya nailoni tabaka moja inapitisha wati 6 hivi kwa kila nyuzi moja ya tofauti, kwa hiyo 140 × 6 × 7 ni wati 5,880. Sema kilowati 6, na hapo bado hujahesabu upepo unaopenya. Tukichukua saa 8 za moto kamili kwa usiku, zinatoka kilowati-saa 48, yaani uniti 48 kwa lugha ya Luku. Ikumbuke namba hiyo, kila njia itapimwa nayo.

Na hapa ndipo video za mtandaoni zinapoangukia pua. Ule mshumaa uliofunikwa chungu cha maua, unaosifiwa kwamba unapasha chumba kizima, unatoa wati 80 hivi. Chungu hakiongezi hata wati moja, kinashika tu joto kwa muda halafu kinaliachia. Kitalu hiki kingehitaji mishumaa 75 inayowaka kwa pamoja. Sola na betri nazo tuziweke pembeni: kuhifadhi uniti 48 kila siku kwa ajili ya kuzichoma usiku ni gharama ya kununua shamba lingine.

Kabla ya jiko, blanketi

Vitalu vingi vinavyouzwa hapa nchini vimeundwa kwa ajili ya maeneo ya joto. Ubavuni vina neti kuanzia kiunoni kwenda juu, na kwenye paa kuna uwazi wa kudumu uliofungwa neti ya wadudu ili hewa moto itoke. Kibaha hiyo ni akili. Makete ni sawa na kuwasha jiko huku umeng'oa dirisha. Uwazi wa nusu mita kwa urefu wa mita 10 ni mita za mraba 5 za shimo, na liko juu kabisa ambako hewa moto inakimbilia. Hakuna hita itakayoshindana nalo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni pazia la nailoni la kukunja ubavuni na jingine kwenye uwazi wa paa, yote yakishuka jioni kabla jua halijazama na kupanda asubuhi.

Kazi ya pili ni tabaka la pili la nailoni kwa ndani, likiwa limeachana na la nje kwa sentimita 5 hadi 10. Hewa iliyotulia katikati ndiyo blanketi lenyewe. Matabaka yakigusana umetupa hela, na yakiachana sana hewa inaanza kuzunguka humo ndani na faida inapungua. Vipande vya mbao vya inchi 2 kwenye nguzo vinatosha kuyatenganisha. Tabaka hili linashusha upotevu kutoka wati 6 hadi 4 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo kilowati 6 zinakuwa karibu 4, na uniti 48 zinakuwa 32. Theluthi ya gharama ya kila usiku imeondoka, na haitarudi msimu ujao. Bei yake ni mwanga kidogo: mmea unapata pungufu mchana, kwa hiyo nailoni ya ndani iwe safi, na ikiwezekana iwe ya kukunja.

Nailoni ya kawaida ina tabia moja ambayo wengi hawaitarajii. Mionzi ya joto inayotoka kwenye udongo na majani inapita ndani yake kama haipo. Usiku mkavu usio na mawingu, kitalu kisichopashwa joto kinaweza kuwa baridi kuliko nje kwa nyuzi moja au mbili, maana ndani hakuna upepo wa kuchanganya hewa. Ndiyo maana mtu anakuta jalidi, ule umande ulioganda, juu ya miche iliyo ndani na anadhani amelogwa. Wakati wa kununua nailoni mpya, uliza ile yenye kizuizi cha mionzi ya joto, na uangalie kama imeandikwa kwenye karatasi ya roli, siyo kwenye maneno ya muuzaji.

Kuna na kazi ya tatu, ambayo haina gharama: mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu, na uondoe matandazo ya nyasi kwenye tuta miezi ya baridi. Udongo wenye maji unashika joto la mchana na kulitoa usiku. Nyasi kavu zinauzuia usilipate na usilitoe. Matandazo ni mazuri Morogoro mwezi wa kumi. Kwenye jalidi ni adui.

Umeme na gesi

Hawa wawili tunawaweka pamoja kwa sababu watu wanabishana sana juu yao, wakati kwa hela wanakaribiana.

Umeme kwa tarifa ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, unafika mkononi kwa 356 hivi kwa uniti. Uniti 32 ni shilingi 11,400 kwa usiku. Bila tabaka la pili ni 17,000. Usiku 60 wa baridi, ukiwa umefunika vizuri, ni kama 680,000. Bila kufunika ni zaidi ya milioni moja.

Gesi ya kupikia ina nguvu ya uniti 12.8 hivi kwa kilo. Uniti 32 ni kilo 2.5, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unakupa usiku 6. Tukichukulia umefika shambani kwa 60,000, ni 10,000 kwa usiku. Tofauti na umeme ni ndogo kuliko nauli ya kuupeleka mtungi mjini na kuurudisha.

Kwa hiyo usichague kwa bei. Angalia kinachoharibika.

Umeme unaharibika kwenye waya. Kilowati 4 ni hita mbili za feni za kilowati 2, na mbili ni bora kuliko moja kubwa kwa sababu ikifa moja usiku bado una nusu. Kila moja ipewe waya wake wa milimita za mraba 2.5 na breka yake ya ampea 16, na saketi yote ipite kwenye kikata umeme cha usalama cha miliampea 30, maana humo ndani kuna maji kila mahali. Tamostati ya kidijitali, kifaa kinachowasha na kuzima hita kwa kufuata joto, ni ileile wanayofunga watengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, Kariakoo imejaa. Lakini swichi yake ya ndani kwa kawaida ni ya ampea 10 tu. Hita moja ya kilowati 2 inakula karibu 9, kwa hiyo ukifunga mbili moja kwa moja, swichi inaungua, na mara nyingi inaungua ikiwa imeshikana: hita hazizimi tena, asubuhi unakuta Luku imeisha na miche imekauka. Dawa ni kontakta ya ampea 25 katikati, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme. Tamostati iamshe kontakta, kontakta ibebe mzigo. Ekstensheni ya kuzungusha isitumike kabisa. Waya uliokunjwa kwenye roli ukibeba mzigo huo usiku kucha unayeyuka.

Halafu kuna volteji. Mwisho wa laini ya kijijini, usiku wenye matumizi mengi, inaweza kushuka hadi 190. Hita ya wati 2,000 iliyotengenezwa kwa volti 230 haitoi 2,000 tena hapo, inatoa 1,365 hivi. Umelipia hita mbili, umepata moja na theluthi. Mpe fundi apime volteji saa mbili usiku, asipime mchana.

Gesi inaharibika kwa namna tatu, na zote hazionekani kwenye risiti. Ya kwanza ni maji. Kila kilo ya gesi inayoungua inatoa kilo 1.6 hivi za mvuke. Kilo 2.5 ni lita 4 za maji yanayoenda kukaa juu ya majani na upande wa ndani wa nailoni, kisha kudondoka. Baka jani chelewa na kuvu ya kijivu hawahitaji mwaliko mwingine. Ya pili ni etilini, gesi ileile inayoivisha matunda, na moshi usioungua vizuri. Nyanya inahisi etilini kidogo mno kiasi kwamba pua yako haiwezi kuijua; vikonyo vya majani vinapinda kwenda chini na maua yanapukutika, na kijana wa shamba anaona mmea umenyauka, anaongeza maji. Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, zima. Acha tundu la sentimita 10 kwa 10 karibu na sakafu na jingine kama hilo juu, upande wa pili, hata kama roho inauma kuona joto linatoka.

Ya tatu ndiyo inayowashangaza watu wa Dar, kwa sababu huku haitokei. Mtungi una mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani, na butani inaacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri. Nje kukiwa na nyuzi 4, na mtungi wenyewe ukizidi kupoa kadiri gesi inavyotoka, presha inashuka, mwali unadhoofika saa tisa usiku, na asubuhi unaupima mtungi bado mzito. Gesi ipo, haitoki. Mtungi wa kilo 6 ndio mbaya zaidi kwa kazi hii. Mitungi miwili ya kilo 15 iliyounganishwa kwa pamoja inagawana kazi na kupoa polepole. Ikae nje ya kitalu, juu ya usawa wa ardhi, mahali palipokingwa na mvua. Isiwekwe shimoni, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na inatuama. Wala asije mtu akauwashia moto chini ili upate nguvu.

Mafuta ya taa yana maradhi yote ya gesi pamoja na harufu yake. Na jiko la mkaa lililo wazi tuseme wazi pia: hapana. Linatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na kijana atakayeingia kuongeza mkaa saa nane usiku kwenye kitalu kilichozibwa vizuri anaweza asitoke. Ubora wa kuziba kwako ndio unaoongeza hatari.

Kuni, lakini moto ukae nje

Njombe na Mufindi ni nchi ya mbao. Mabanzi ya viwandani yapo, maranda yapo, na shamba la miti la Sao Hill liko hapo Mafinga. Kama nishati, hakuna kinachoshindana na kuni. Kuni kavu zina uniti 4 hivi kwa kilo, na nusu yake au zaidi kidogo inaingia ndani ya kitalu, nyingine inatoka na moshi. Kwa uniti 32 unahitaji kama kilo 15 za mabanzi makavu kwa usiku. Yakiwa mabichi, ongeza karibu maradufu, halafu ongeza na lami itakayoziba dohani.

Njia inayofaa kitalu kidogo ni mfereji wa moshi. Mdomo wa jiko unakaa nje, upande mmoja wa kitalu. Moshi moto unapita kwenye mfereji wa matofali ya kuchoma uliolala katikati ya njia ya kutembea, mita 10 zote, na kutoka kwenye dohani upande wa pili. Mfereji uwe na upana wa ndani wa sentimita 15 na kina cha 25. Upana huo si wa bahati: tofali la sentimita 23 linaufunika na bado linakalia sentimita 4 kila upande. Laza matabaka mawili ya matofali juu ya mwanya kwa mpishano ili moshi usipenye kwenye maungio. Andaa matofali 600 pamoja na mdomo.

Yajengewe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa, usitumie saruji; saruji inapasuka msimu wa kwanza na moshi unaingia kwenye mimea. Mfereji upande sentimita 3 kwa kila mita kuelekea dohani, kwa hiyo kutoka mdomo hadi mwisho kuna sentimita 30 za kupanda. Mafundi wanapuuza hili kwa sababu sakafu ni bapa na kuchimba mdomo chini ni kazi. Bila mwinuko moshi unarudi kwa mtu anayechochea. Dohani iwe bomba la bati la inchi 8, lenye urefu wa mita 3 au zaidi, likipita juu ya kilele cha paa. Mafundi chuma wa Gerezani wanalikunja, ila kwa ukubwa wake ni rahisi zaidi kulitengenezea Makambako au Njombe mjini. Likipita karibu na nailoni, kata nailoni na uweke karatasi ya bati ya sentimita 60 kwa 60, bomba lipite katikati yake; nailoni inalainika na kutoboka mapema sana kabla ya kuwaka.

Siku ya kwanza haitavuta. Mfereji ni baridi na una unyevu, moshi unakataa kwenda. Choma karatasi chini ya dohani kwanza ili hewa ya humo ipande, halafu ndipo uwashe mdomoni. Moto mdogo kwa siku tatu mfululizo ukaushe udongo kabla ya kuchochea kwa nguvu.

Uzuri wa mfereji ni kwamba matofali yanashika joto. Ukichochea saa moja jioni hadi saa nne, kisha ukaweka magogo mawili mazito na kuubana mdomo, matofali yanaendelea kutoa joto hadi alfajiri, ingawa yanafifia. Asiye na mabanzi ila ana maranda anaweza kufunga mdomoni jiko la pumba lilelile wanalotumia mama lishe, kwa ukubwa wa nusu pipa: simamisha mti wa sentimita 10 katikati, shindilia maranda makavu pande zote, chomoa mti, washa kutokea chini. Linaungua polepole kwa saa nyingi bila kuguswa. Maranda yakiwa na unyevu linazima katikati ya usiku bila taarifa.

Maji kwenye mapipa

Hii ndiyo njia tunayoipenda, na ndiyo inayokosewa zaidi.

Pipa la lita 200 likipoa kwa nyuzi 10 linatoa uniti 2.3. Mapipa 10 ni 23 kwenye karatasi. Kwa kuwa joto linatoka kupitia ngozi ya pipa na haliwezi kuharakishwa, tegemea 16 hadi 20 kwa usiku. Ni nusu au zaidi ya uniti 32, bila Luku, bila mtungi, bila mtu kuamka. Siku za ukungu maji hayapati joto, hiyo ni kweli. Lakini usiku wa jalidi ni usiku wa anga safi, na mara nyingi hufuata mchana wa jua kali. Mapipa yanajaa joto siku zilezile unazoyahitaji.

Kosa liko kwenye kuyapanga. Maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa Ulaya na Marekani, na yanasema mapipa yawekwe upande wa kaskazini. Huko jua liko kusini. Njombe iko kusini mwa ikweta, na jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo mapipa yapangwe upande wa kusini wa kitalu yakitazama kaskazini, ndipo yapigwe jua bila kuifunika mimea kivuli. Ukifuata video kama ilivyo, umejenga ukuta wa kivuli mbele ya nyanya zako na mapipa yenyewe hayapati jua la maana. Pipa lina upana wa sentimita 58 hivi, kwa hiyo 10 yenye nafasi ya sentimita 5 kati yao yanachukua mita 6 na kitu za ukuta wa mita 10.

Paka rangi nyeusi isiyong'aa upande unaotazama jua. Jaza ukiacha sentimita 5 juu, funga kizibo kwa nguvu, vinginevyo umefungua zahanati ya mbu. Chini shindilia kokoto, maana kila pipa ni zaidi ya kilo 200 na likiinama msimu wa mvua litaegemea nailoni. Mapipa yaliyotumika yanapatikana Dar kwa wingi, lakini uliza yalibeba nini. Yaliyobeba dawa za viwandani yaache. Kuyasafirisha matupu ni kulipia hewa, hivyo bei ya Njombe au Makambako inaweza kuwa nafuu hata ikionekana kubwa. Madumu ya njano ya lita 20 yanafanya kazi vilevile: 100 yanafikia ujazo wa mapipa 10 na yanatoa joto haraka zaidi kwa kuwa ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na maji yaliyomo. Ila plastiki yao inachakaa kwa jua, na kila msimu utabadilisha kadhaa.

Samadi na waya wa kitalu cha miche

Kama shida yako ni miche tu, usipashe mita za mraba 60. Miche 2,000 kwenye trei za mashimo 200 ni trei 10, zinaenea kwenye meza ya mita za mraba 2. Waya wa kupasha joto udongo wa wati 120 kwa mita ya mraba, umelazwa kwenye mchanga chini ya trei, ni wati 240. Saa 12 ni uniti 2.9, shilingi 1,030 kwa usiku. Juu yake weka matao ya bomba la plastiki la nusu inchi na nailoni. Mzizi ukiwa na nyuzi 18 hadi 20, kichwa kinavumilia hewa ya 10.

Wasio na umeme wafanye tuta moto. Chimba sentimita 60, jaza samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku wa nyama iliyochanganywa na nyasi kavu au maranda, nyunyizia hadi ikikamuliwa mkononi itoe tone moja au mawili, kanyaga kiasi, funika kwa udongo sentimita 15. Wakulima wa mboga wa pembezoni mwa Paris karne ya 19 waliishi kwa samadi ya farasi kwa mtindo huu. Siku za kwanza inapanda hadi nyuzi 55 au 60. Ukiweka miche hapo unaipika. Subiri ishuke hadi 25 au 30, wiki moja hivi, halafu inama unuse. Macho yakiwasha kwa amonia, subiri tena. Itakuhudumia kwa wiki 6 hadi 8, na miche ya nyanya inahitaji 4 hadi 6. Samadi kavu ya miezi sita haichemki. Lazima iwe mbichi.

| Njia (kitalu chenye tabaka mbili) | Gharama ya usiku | Anayeamka | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|
| Umeme, kilowati 4 | 11,400 | Hakuna, umeme ukiwepo | Tamostati isiyo na kontakta |
| Gesi, kilo 2.5 | 10,000 | Mtu wa kuangalia mwali | Presha alfajiri, maji kwenye majani |
| Mfereji wa kuni, kilo 15 | Bei ya mabanzi | Hadi saa nne usiku | Mwinuko mdogo, kuni mbichi |
| Mapipa 10 (nusu ya joto) | 0 | Hakuna | Kuwekwa upande wa kaskazini |
| Waya wa miche, m² 2 | 1,030 | Hakuna | Kukatika umeme |
| Tuta moto la samadi | 0 | Hakuna | Kupanda mapema |

Safu ya anayeamka ndiyo inayoamua kwa mtu anayelima kwa simu. Jiko zuri linalohitaji mtu saa tisa usiku, wakati mwenye kitalu amelala Tabata kilomita 700 mbali, ni jiko litakalozimika. Kijana wa shamba ataamka wiki ya kwanza. Ya pili atachochea sana saa tatu ili alale, mimea iliyo karibu na mdomo iungue, na iliyo mbali ipate baridi.

Kwa hiyo, kwa kitalu cha nyanya chenye msimamizi wa kawaida, tungefunga mapazia na tabaka la pili, tupange mapipa kusini, halafu tuongeze hita moja ya kilowati 2 yenye tamostati iliyowekwa nyuzi 10 kama akiba ya usiku mbaya. Mapipa yakifanya kazi, hita hiyo itawaka saa chache tu kuelekea alfajiri na hesabu ya Luku itakaa kwenye elfu mbili au tatu. Pasipo umeme, au pale mwenye shamba anapoishi hapohapo na mabanzi yako karibu, mfereji. Gesi tungeiacha iwe ya dharura, mitungi miwili stoo. Na mwenye miche tu asiguse chochote kingine zaidi ya waya au samadi: akisia mbegu mwishoni mwa Julai kwenye tuta moto, anahamishia kitaluni Septemba, baridi ikiwa inaaga, na hakupasha joto kitalu hata usiku mmoja.

Kabla ya kununua lolote, tafuta kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya joto la chini na la juu, na ukisome kwa siku 7 mfululizo, saa mbili asubuhi. Kining'inizwe usawa wa mimea, katikati ya kitalu, chini ya kipande cha ubao kinachokikinga na anga na jua. Kijana atataka kukiweka juu ya mlango, kwa sababu pale kuna msumari. Juu ya mlango kitasoma nyuzi mbili au tatu zaidi ya zile inazozipata nyanya.